Jua Lote Lile, na Mmea Unakufa kwa Giza

Saa nane mchana, mwezi wa sita, Shangani, Mtwara mjini. Nje mchanga unachoma nyayo. Ndani ya sebule, pembeni ya kochi, kuna chungu cha mani planti chenye tawi moja refu lililojinyoosha kuelekea dirishani. Kati ya jani na jani unaingia kiganja kizima. Majani ya juu ni madogo kuliko ya chini, na yale mabaka ya njano yaliyofanya mmea ununuliwe yamefutika, umebaki ukijani mtupu. Majani mawili ya chini yamekuwa manjano. Udongo umelowa hadi unanuka.

"Namwagilia kila siku, mwanangu. Na mbolea nimetia. Sijui naukosea nini."

Kijana fundi umeme, aliyekuwa juu ya ngazi akibadilisha holda, akatazama dirisha, kisha akatazama chungu. "Mama, labda haupati mwanga."

"Mwanga? Hapa Mtwara?"

Swali lile lilikuwa la haki, na kwa wiki kadhaa halijanitoka kichwani. Mji unaokaa nyuzi kumi tu kusini mwa ikweta, wenye mchana wa saa kumi na moja na nusu hata katika siku fupi kuliko zote za mwaka, unahitaji taa ya mimea ya nini? Mtu akisema ananunua taa ya kukuzia mmea Mtwara, majirani watamshangaa kama wanavyomshangaa anayenunua maji ya chumvi.

Lakini fundi yule alikuwa amesema kweli.

Jicho si kipimo

Mboni ya jicho hujipanua na kujibana kufuatana na mwanga, na ubongo unamalizia kazi iliyobaki. Ndiyo maana ukitoka juani ukaingia sebuleni unaona giza kwa muda mfupi, kisha chumba "kinakuwa" na mwanga wa kutosha. Chumba hakijabadilika. Umebadilika wewe. Mmea hauna mboni ya kupanua. Unapokea kinachoangukia majani, basi.

Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa luksi. Uwanjani, adhuhuri isiyo na wingu, hufika takribani luksi 100,000. Chini ya mwembe bado unapata elfu kadhaa. Ndani ya nyumba, hatua moja kutoka dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, utapata 1,000 au 2,000. Pale kwenye kochi, mita tatu ndani, pazia likiwa nusu, ni 100 hadi 200.

Kutoka 100,000 hadi 200 ni kupungua mara 500. Jicho linakuambia kumepungua kidogo tu.

Simu nyingi zina kihisio cha mwanga upande wa mbele, karibu na kamera ya kujipigia picha, na programu za bure za kupima luksi hukitumia hicho. Weka simu ikiwa imelala pale jani lilipo, uso wake ukiangalia juu, nawe usogee pembeni usiitie kivuli. Soma namba asubuhi, adhuhuri na alasiri. Simu mbili tofauti zinaweza kutoa namba zinazoachana sana, kwa hiyo usiiamini kama mizani ya dukani. Lakini simu ileile ikipima dirishani na ikipima kwenye kochi itakuonyesha tofauti waziwazi, na tofauti ndiyo unayoitafuta.

Dirisha la kusini la nani?

Chungu kile kiliwekwa upande wa dirisha la kusini kwa sababu video moja ilisema mimea ya ndani hupenda dirisha la kusini. Aliyeirekodi yuko Ulaya, na kwake ni kweli: jua la kule hupita upande wa kusini mwaka mzima.

Kwetu hesabu ni nyingine. Mtwara jua la adhuhuri linapita utosini mara mbili kwa mwaka, takribani tarehe 22 Februari na tarehe 20 Oktoba. Kati ya tarehe hizo, yaani miezi minane mfululizo, adhuhuri jua liko upande wa kaskazini. Ni ile miezi minne tu, kuanzia mwisho wa Oktoba hadi karibu na mwisho wa Februari, ndipo linahamia kusini, tena kwa pembe ndogo kiasi kwamba upenu wa nyumba unalizuia karibu lote. Kwa hiyo dirisha la kusini Mtwara au Lindi ndilo lenye giza kuliko yote. Ukitaka jua la adhuhuri mwezi Juni, ni dirisha la kaskazini. Ukitaka jua la asubuhi lisilochoma, ni la mashariki.

Hata hilo la kaskazini lina adui zake. Mwezi Juni adhuhuri, jua huwa juu kwa nyuzi 56 hivi. Upenu uliotokeza sentimita 60 hutupa kivuli cha karibu sentimita 90 ukutani chini yake, kwa hiyo sehemu kubwa ya dirisha haiguswi. Ongeza wavu wa mbu, ambao ukishika vumbi huwa kama pazia la pili. Ongeza vioo vyeusi vya madirisha ya alumini, ambavyo kazi yake ni hiyohiyo ya kuzuia mwanga. Ongeza pazia zito, kwa sababu mchana hakuna anayetaka jua la Mtwara limwingilie sebuleni.

Tumejenga nyumba zetu kulikimbia jua, na tumefanya vizuri. Mmea ndio uliobaki upande usio wake.

Kwa hiyo kabla ya kununua taa, jaribu haya kwanza: osha wavu, sogeza chungu hadi nusu mita kutoka dirisha la mashariki au la kaskazini, pima tena. Ukipata luksi 2,000 au zaidi kwa saa nyingi za mchana, mani planti haihitaji taa. Nasema hivi mapema kwa sababu taa nyingi zinanunuliwa na watu wenye baraza nzuri nje ya mlango.

Mlo wa siku nzima

Mmea haujali sana mwanga wa dakika moja; unajali jumla ya siku, kama mtu anavyojali alichokula kutwa. Ukiwa na luksi, unaweza kukadiria jumla hiyo. Kwa mwanga wa jua gawanya luksi kwa 54. Kwa taa nyeupe za LED gawanya kwa 70 hivi. Unapata maikromoli za mwanga kwa mita ya mraba kwa sekunde. Zidisha kwa saa za mwanga, zidisha tena kwa 0.0036, unapata moli kwa siku.

Tuipime mani planti ya Shangani. Luksi 150 gawanya kwa 54 ni karibu 3. Mara saa 11, mara 0.0036, ni moli 0.1 kwa siku. Mmea wa kivulini wa namna hiyo ukitaka kukua vizuri, si kuishi tu, unataka moli 3 hadi 5. Saladi na mboga za majani zinataka 12 na kuendelea. Nyanya na pilipili za kuzaa zinataka 20 na zaidi. Nje, siku ya jua, zinapita 30.

Moli 0.1 ni sawa na kumpa mtu mzima kijiko kimoja cha uji kutwa. Mmea haufi siku ileile. Unakula akiba yake kwanza, na ndiyo maana unapendeza miezi miwili mitatu baada ya kununuliwa, kisha unaanza kushuka bila sababu inayoonekana.

Kuna mmea mmoja unaotudanganya zaidi kuliko mingine: Zamioculcas, ule wenye majani manene yanayong'aa kama yamepakwa mafuta. Asili yake ni Afrika ya mashariki na kusini, Tanzania ikiwamo. Umezoea sakafu ya msitu, una viazi chini vya kutunzia maji na chakula, na unaweza kukaa kwenye korido ya ofisi mwaka mzima bila kulalamika. Watu wakiuona wanasema mimea ya ndani haihitaji mwanga. Unahitaji. Akiba yake tu ni kubwa.

Dukani, usisome boksi upande wa mbele

Taa ya mimea si lazima iwe ya zambarau. Zile za rangi nyekundu na bluu zilitengenezwa kwa hoja kwamba mmea hutumia zaidi rangi hizo, na ni kweli klorofili huzinyonya vizuri. Lakini jani hutumia pia kijani na njano, tena mwanga wa kijani huzama ndani zaidi ya jani. Taa nyeupe ya kawaida ya LED ina rangi zote, na ina faida nyingine ambayo mimi naiona kubwa: chini yake unaona jani kama lilivyo. Chini ya taa ya zambarau jani linaloanza kuwa manjano halionekani, na utitiri mwekundu unaweza kujaza upande wa chini wa majani nawe unasifia rangi ya chumba.

Taa nyingi za madukani zimeandikwa 6500K, ule weupe unaoelekea bluu. Zinafaa, na hufanya miche isirefuke ovyo. 4000K ni nzuri vilevile na haiumizi macho jioni.

Kitu cha kukitazama ni lumeni, yaani jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa, kwa kila wati. Gawanya lumeni kwa wati. Ikifika 100, ni taa nzuri. Kama boksi halina lumeni, rudisha boksi kwenye rafu.

Wati ndiyo sehemu ya udanganyifu. Utakuta boksi limeandikwa wati 1000, na maandishi madogo nyuma yanasema kitu kingine. Mita ya LUKU inaweza kukuamulia ugomvi huo bure. Kwenye uso wake kuna kitaa chekundu kinachokonyeza, na pembeni pameandikwa idadi ya mikonyezo kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Zima kila kitu ndani ya nyumba, friji na chaja za simu zikiwamo, washa taa hiyo peke yake, hesabu sekunde kati ya mkonyezo na mkonyezo. Kwa mita ya 1000, sekunde 36 kati ya mkonyezo mmoja na mwingine ni wati 100. Sekunde 72 ni wati 50. Kanuni ni hii: 3,600,000 gawanya kwa namba ya mita, gawanya tena kwa sekunde ulizohesabu. Taa ya "wati 1000" ikikonyeza kila baada ya sekunde 36, unajua umenunua nini.

Angalia pia volti. Taa iliyoandikwa 85–265V itavumilia umeme unaponywea jioni mtaa mzima ukipika na kupiga pasi. Iliyoandikwa 220–240V tu huanza kupepesa.

Kimo ndicho kila kitu

Hapa ndipo wengi hupotea, hata wenye taa nzuri.

Globu moja ya LED ya wati 9 hutoa takribani lumeni 800. Ikiwa tupu, bila kofia ya kurudisha mwanga chini, sentimita 30 chini yake utapata kama luksi 1,300. Ushushe mmea hadi sentimita 60, inabaki kama 330. Mita 1.2, kama 80. Kila unapozidisha umbali mara mbili, mwanga unabaki robo. Kwa hiyo taa ya darini, mita mbili juu ya chungu, ni mapambo tu kwa mmea, hata ungeiwasha usiku na mchana. Ukiivalisha globu hiyo kofia ya bati iliyopakwa rangi nyeupe ndani, mwanga unaokwenda darini na ukutani unarudi chini, na namba ya sentimita 30 inaweza kukaribia mara mbili.

Tyubu ya futi nne haipungui kwa kasi hiyo ukiwa karibu nayo, kwa sababu mwanga unatoka kwenye mstari mrefu, si nukta moja. Ndiyo maana kwa rafu ya mimea mimi huchagua tyubu kuliko globu.

Tuchukue rafu ya mbao yenye urefu wa sentimita 120 na kina cha 30. Tyubu moja ya wati 18, lumeni 1,800, ikining'inia sentimita 20 juu ya majani, na theluthi mbili ya mwanga wake ikiangukia rafu, inatoa kama luksi 3,300. Gawanya kwa 70, ni maikromoli 47 hivi. Kwa saa 12, moli 2. Hiyo itaiweka mani planti hai na kuisogeza taratibu. Tyubu mbili, zikiachana sentimita 15, zinafika moli 4: hapo majani yanarudi kuwa makubwa na mabaka yanaanza kuonekana kwenye majani mapya. Tyubu nne kwa saa 14 hupita moli 9, kiasi cha miche ya mboga.

Usizifunge tyubu moja kwa moja kwenye rafu ya juu. Zining'inize kwa mnyororo mwembamba kila upande na kulabu ya S, ili uzishushe au kuzipandisha kwa pete moja moja. Mmea hukua, taa iliyokazwa kwa skrubu haikui nao. Acha sentimita 5 za hewa kati ya mgongo wa tyubu na mbao.

Vimo vya kuanzia ni hivi. Miche iliyoota leo: tyubu sentimita 15 juu yake. Mimea ya majani: 20 hadi 30. Paneli yenye nguvu, wati halisi 100 na kuendelea: anza sentimita 60, shusha polepole ukisoma simu. Na mmea uliotoka gizani, kama ule wa Shangani, usiushushie taa kali siku ya kwanza. Anza sentimita 40 juu yake, punguza tano kila siku ya pili.

Taa ikae juu, si ubavuni. Ikiwa ubavuni mmea utaiinamia, na utakuwa unageuza chungu kila siku. Hata ikiwa juu, geuza chungu robo mzunguko kila wiki, kwa sababu ncha mbili za tyubu ni dhaifu kuliko katikati. Mimea mivumilivu iweke pembeni, yenye njaa katikati.

Ukuta wa nyuma upake chokaa au rangi nyeupe isiyong'aa. Kama hupaki, simamisha kipande cha boksi kilichofunikwa karatasi nyeupe nyuma na pembeni. Kioo cha kujitazama hakisaidii kama watu wanavyodhani. Kinaupeleka mwanga mahali pamoja. Weupe wa chokaa unautawanya.

Mmea wenyewe utakuambia kama umekosea. Pingili zikirefuka na majani mapya yakiwa madogo, taa iko mbali. Majani ya juu kabisa yakipauka, yakajikunja kingo au kukauka mabaka huku ya chini ni mazima, taa iko karibu mno. Ya chini yakiwa manjano na udongo una unyevu, shida iko kwenye maji, nitaifikia. Na kwa joto, weka kiganja usawa wa jani la juu kwa nusu dakika. Mkono ukitaka kuondoka, jani nalo linataka kuondoka.

Chumvi, maji na waya

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi ikikutana na unyevu wa masika hula shaba. Fungua holda ya bei rahisi iliyokaa mwaka mmoja Mikindani au Lindi mjini, karibu na bahari, utaona ukungu wa kijani kwenye vishikizo. Pale pana joto, pana cheche ndogo, na siku moja pana harufu ya plastiki. Nunua tyubu zilizozibwa, zenye alama ya IP65, au angalau zikague kila baada ya miezi mitatu umeme ukiwa umekatwa kwenye sakiti breka.

Waya kabla ya kuingia soketi uachwe uning'inie chini kidogo, kisha upande. Maji yakiteleza juu ya waya yatadondokea pale chini, hayataingia soketini. Ekstensheni isikae sakafuni chini ya vyungu; itundike ukutani, juu kuliko chungu cha juu kabisa. Na kama nyumba haina RCD ya miliampea 30, kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, kwenye boksi kuu, mwambie fundi aiweke kabla hujaanza kuchanganya maji na umeme kila asubuhi. Sioni hapa pa kubana matumizi.

Feni ndogo inayopuliza kwa mbali, majani yakitikisika kidogo tu, hupunguza ukungu wa miche na hufanya mashina yawe magumu. Madirisha yakiwa wazi na kusi inavuma, haihitajiki.

Saa sita ya nani, tena

Taima ni lazima. Mtu anayewasha taa kwa mkono atasahau, na mmea unaopata saa nane leo, kumi na nane kesho, hauna mpangilio. Mimea ya majani ipe saa 12 hadi 14. Usipite 16, inahitaji usiku pia.

Taima za kuzungusha zina vijino vidogo kuzunguka duara, kila kimoja dakika 15. Namba zake ni za saa 24 zinazoanzia usiku wa manane. Hapo ndipo panapotokea kosa ambalo ni letu sisi tu: mtu anataka taa iwake saa kumi na mbili asubuhi, anabonyeza kuanzia 12. Taa inawaka saa sita mchana na kuzima usiku wa manane. Saa kumi na mbili asubuhi yetu ni 6 ya taima. Saa kumi na mbili jioni ni 18. Andika kwa kalamu ya wino mzito kwenye plasta, bandika ubavuni mwa taima.

Kosa la pili ni la umeme kukatika. Taima ya kuzungusha husimama umeme ukikatika, na ukirudi inaendelea pale ilipoishia. Ukikatika kwa muda wa saa tatu, iko nyuma kwa saa tatu. Baada ya wiki mbili za kukatika mara kwa mara, taa inawaka usiku na kuzima mchana, na hakuna anayejua ilianza lini. Taima ya kidijitali yenye betri ndani haina tatizo hilo. Ukiwa na ya kuzungusha, iangalie kila Jumapili, uisogeze kwa mkono hadi ilingane na saa ya simu.

Shaka ninayobaki nayo

Tyubu mbili za wati 18 kwa saa 12 ni uniti 0.43 kwa siku, yaani 13 kwa mwezi. Kwa nyumba iliyo kwenye tarifu ya matumizi madogo, yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya sita ya mgawo wote. Ukivuka kikomo, kila uniti ya ziada ina bei nyingine kabisa. Tyubu nne kwa saa 14 ni uniti 30.

Kwa hesabu hiyo, kulima mchicha sebuleni Mtwara ni kutupa pesa. Mchicha upandwe nje, ndoo au kiroba, jua ni la bure. Miche ya pilipili na nyanya nayo kwa wengi itastawi vizuri zaidi kwenye kichanja cha nje chenye makuti juu, kuku wasipokifikia. Nimejaribu kutafuta hoja ya kupinga hili na sijaipata. Hata sola hainishawishi: kulichukua jua kwa paneli inayobakiza takribani sehemu moja ya tano ya nguvu yake, ukalitia kwenye betri, ukalitoa tena kwa taa, wakati chungu kinabebeka kwa mikono miwili hadi barazani!

Ninakoikubali taa ni kwa asiye na baraza. Mpangaji wa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Ofisi yenye vioo vyeusi. Mgonjwa asiyetoka, anayetaka kitu cha kijani mbele ya kitanda. Na vipandikizi vinavyotaka mwanga mpole usiochoma kwa wiki chache. Na miche iliyooteshwa ndani, ukiitoa nje, izoeshwe: siku ya kwanza saa moja ya jua la asubuhi, ongeza kidogo kidogo kwa siku saba hadi kumi. Imetoka kwenye maikromoli 200. Jua la adhuhuri nje ni karibu 2,000. Ukiitoa ghafla, jioni majani yameshakuwa meupe kama karatasi.

Turudi kwenye ndoo ya maji

Yule mama hakukosea kumwagilia. Alikosea kumtambua mkosaji. Mmea usio na mwanga haufanyi usanisinuru wa kutosha, kwa hiyo haunywi. Maji yanabaki, hewa inaisha kwenye udongo, mizizi inaoza, majani ya chini yanakuwa manjano. Mwenye nyumba anaona manjano, anaongeza maji. Mbolea nayo inabaki chumvi tu kwenye udongo, haina mlaji.

Ukiweka taa, badili na maji. Ingiza kidole hadi kifundo cha pili. Kikitoka na udongo, subiri. Kikitoka kikavu, mwagilia hadi maji yatoke tundu la chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye sahani. Mbolea iache wiki nne za kwanza, hadi uone jani jipya.

Jani jipya lile litakuwa na pingili fupi. Zile ndefu za zamani hazirudi nyuma. Tawi lililorefuka litabaki refu. Likate kwa kisu kikali vipande vyenye jani moja au mawili, kila kipande kikiwa na fundo lenye kile kijizizi cha kahawia kinachochomoza. Kata sentimita moja chini ya fundo, weka kwenye glasi ya maji, fundo lizame na jani libaki nje. Glasi ikae ncha ya rafu, pale tyubu ilipo dhaifu. Badilisha maji kila baada ya siku nne. Mizizi myeupe ikifika urefu wa kidole gumba, jaza chungu udongo mpya na uvipande vipande vyote pamoja, vitano au sita, ili chungu kijae.